Mashine haioni ua, yaona mstari: maswali yenu ya dizaini za kukata

Toleo lililopita niliweka picha ya kadi ya harusi niloikata kwa mashine, nikasema dizaini nimechora mwenyewe, nikadhani mtauliza bei. Wapi! Wote mwataka kujua hilo faili lachorwaje. Basi leo nimechukua maswali sita, mengine yalikuwa yanafanana nikayaunganisha.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Ndugu yangu alieko Uingereza alinitumia mashine ya kukatia karatasi, Cricut. Nachukua picha za maua kwa intaneti, naziweka kwa ile programu yake, kwa skrini ua laonekana safi kabisa, lakini likikatwa karatasi yatoka imechanika chanika kama imetafunwa na panya. Nshabadilisha kisu mara mbili. Nifanyeje? (Mama Kadi, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Kisu hakina kosa, usiende kununua cha tatu.

Picha uloichukua, JPG au PNG, ni vidoti vya rangi vimepangwa safu safu kama shanga. Wewe waangalia shanga waona ua, mashine haioni ua. Yenyewe yataka kuambiwa shusha kisu hapa, nenda hivi, pinda, rudi ulipoanzia, inua. Faili linalosema hivyo ni SVG, hizi zimekuwepo tangu 2001, ndani yake hamna vidoti ni mistari tu, ndo maana ukilikuza likawa kubwa kama ukuta halipauki. Sasa wewe ukiipa picha ya shanga, programu haikatai, yakaa ikakisia mistari yenyewe, na kila kivuli na kila doa yalizungushia mstari wake, na kisu kikiambiwa kizunguke doa dogo kama punje ya ufuta kitazunguka, karatasi ndo yaumia.

Mie mwenyewe yalinikuta nikiwa mgeni wa hii kazi. Harusi ya binamu yangu, kadi arubaini, nikapiga picha yasmini la nyumbani kwetu nikalitresi kwa programu, yaani nikaiacha programu ikisie mistari yenyewe, likatoka zuri wallahi. Usiku wa kuamkia siku ya kugawa kadi ndo nakata, ya kwanza tu mashine ikaganda pale pale kwenye petali moja yatetemeka kama ina homa, nikaitoa karatasi pale pamekuwa unga. Nikafungua faili kwa Inkscape, programu ya kuchorea mistari, nikabonyeza N nione nukta, petali moja ina nukta mia mbili na kitu, zimejazana kama sisimizi kwenye sukari! Na kila nukta kwa mashine ni pahali pa kuamua upya inaelekea wapi. Petali ya yasmini yataka nukta nne, moja nchani, moja shinani, na mbili za mbavu, basi. Nikalifuta lote nikachora petali moja, nikaikopi na kuizungusha mpaka ua likatimia, saa tisa ya usiku nikawa namaliza kadi ya arubaini.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu na najua hautapendeza: wacha kutresi, chora. Inkscape ni ya bure, kompyuta yoyote ya kawaida yaibeba. Weka picha yako chini, ipunguze rangi iwe kama kivuli, uifunge isisogee, kisha juu yake upite na ile kalamu ya programu, kama tulivyokuwa tukifuatiza ramani shuleni kwa karatasi ya mafuta. Ukimaliza itoe picha. Siku mbili tatu mkono utakuwa mzito, ya nne utashangaa.

Na uangalie mtego mmoja unaowanasa wengi, mstari wenye unene. Ukitresi mchoro wa kalamu, programu yaona ukingo wa nje na ukingo wa ndani, mashine yakata kote kuwili na wewe wabaki na uzi mwembamba wa karatasi kama tambi za Idd. Kabla hujakata chochote, kwa Inkscape bonyeza Ctrl na 5, uzidi kubonyeza mpaka rangi zote ziondoke ubaki na mistari mitupu. Ule ndo mwendo wa kisu hasa. Ukiona mistari miwili imeandamana pale unapotaka mmoja, hapo pana kazi.

Ikiwa huna budi kutresi, basi picha iwe nyeusi na nyeupe tu bila vivuli, halafu bonyeza Ctrl na L kupunguza nukta, mara moja, ukiangalia. Ukibonyeza mara tano ncha zote zayeyuka kama barafu ya ukwaju juani.

SWALI: Nimechora lebo ya chupa za achari, sentimita 10 kamili, nikalifungua lile faili kwa programu ya mashine imekuwa 7 na nusu. Nani mwongo hapa? (Kijana wa Tudor)

JIBU: Hakuna mwongo kakangu. Umechora kwa programu inayohesabu vidoti 72 kwa inchi moja, ikaja kusomwa na inayohesabu 96. Kumi mara 72 gawanya kwa 96 ni saba na nusu, hesabu yako hiyo. Ingekuwa kinyume ungepata 13 na kitu. Inkscape yahesabu 96 tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, ya zamani ilikuwa 90, kwa hivyo hata mafaili ya zamani ya Inkscape yataka kuangaliwa. Mie nafanya hivi: pembeni mwa dizaini nachora mraba wa sentimita 5. Nikifika kwa programu ya mashine navishika vyote pamoja navivuta mpaka mraba usome 5, kisha naufuta. Hata unitumie faili kutoka mwezini saizi itakaa sawa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Likoni. Nilitaka stensili ya Bismillahi nipake rangi ukutani darasani. Kijana akanikatia, lakini matundu ya mim yote yameanguka, na kila herufi zinaposhikana pamekatwa katikati. Nimeona kwa jirani pambo la keki la Idd Mubarak, mbona lile halikuharibika? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu wangu, swali lako ndo nimelipenda kuliko yote, maana una matatizo mawili mbali mbali na huyo kijana ameyachanganya.

La maungio kwanza. Programu ikigeuza maandishi kuwa mchoro, kila herufi yabaki kitu pekee, imemlalia mwenzake tu. Kwa macho neno limeungana, kwa kisu ba ni duara lake, sin duara lake, na pale zinapolaliana kisu chapita mara mbili. Dawa yake, kwa Inkscape: maandishi yageuzwe mistari kwa Ctrl, Shift na C, yatolewe kwenye kundi, yachaguliwe yote, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha. Yatayeyukia kuwa kitu kimoja na mistari ya katikati itatoweka. Na hata hizi fonti za Kizungu za mwandiko wa kuunganisha zina ugonjwa huu huu, majina mangapi ya maharusi nimeyaona yamekatika shingo! Fonti kama hana nzuri aipakue Amiri, ni ya bure, ni naskh safi, ule mwandiko wa vitabuni, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri.

Sasa matundu. Kabla ya kukata chochote ajiulize, kinachobaki ni kipi na kinachotoka ni kipi? Kwenye stensili herufi ndo inayotoka, wewe wabaki na karatasi yenye uwazi, kwa hivyo lile tumbo la mim, na la ile ha ya mwisho kwenye jina la Mola, ni kisiwa, halina pa kujishikia, lazima lianguke. Pambo la keki ni kinyume, herufi ndo inayobaki, tumbo likidondoka heri lidondoke. Lakini muulize jirani yako nukta ya ba ya Mubarak ilikuwaje! Kwenye stensili nukta ni tundu tu, hamna tabu, kwenye pambo ndo yaelea hewani mpaka uisogeze iguse herufi au uitengenezee kishikizo.

Kwa hivyo stensili yako yataka madaraja. Chora kipande chembamba cha mstatili, upana milimita 2 mpaka 3, kitoke ndani ya tumbo la herufi kivuke mpaka nje, ukichague pamoja na neno, halafu Ctrl na alama ya kutoa. Herufi itapata mkato mdogo na kisiwa kitakuwa kimeshikwa. Mimi daraja siliweki popote tu, naangalia pale ambapo kalamu ya mwanzi ingekuwa nyembamba, nalilaza lifuate mwendo wa kalamu, basi laonekana kama mwandishi aliinua mkono. Kisiwa kikubwa kipe madaraja mawili, moja huku moja kule, kisije kikajikunja brashi ikipita. Rangi ikikauka waweza kuziba kwa brashi ndogo, au uyaache.

Karatasi ya manila usitumie, ukipaka ukuta mara moja ishalowa. Chukua zile plastiki ngumu za kuangaza wanazobaindia vitabu, yafutika na kurudiwa. Na vile vipande vinavyotoka vya hayo maneno, hilo wajua wewe kuliko mie, kijana asivitupe jalalani.

SWALI: Mashine yangu ni Silhouette si Cricut, SVG yakataa kufunguka kabisa, niliuziwa faili bovu? (Bibi Mapambo, Bamburi)

JIBU: La, shoga yangu, faili zima. Ile programu yao ya bure kwa miaka mingi ilikuwa haifungui SVG mpaka ulipie daraja la juu, na yako yaonekana ndo hiyo. Lifungue kwa Inkscape ulihifadhi kama DXF, aina nyengine ya faili la mistari, hiyo yafunguka hata kwa ya bure. Usishangae rangi zikipotea, utapata mistari tu, na mistari ndo uliyokuwa ukiitaka.

SWALI: Nataka kuanza kuuza mafaili ya stika kwa WhatsApp, nimepanga nembo za timu za mpira za Uingereza na zile katuni za watoto, soko lipo. Waonaje? (Barobaro wa Majengo)

JIBU: Naona utakuja kulia. Soko lipo kweli, lakini mali si yako. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ni ya 2001, kuna bodi kabisa ya kazi hiyo, KECOBO, na mchoro walindwa uhai wote wa aliyeuchora na miaka 50 baada ya kufa, na nembo ya timu juu ya hayo ni alama ya biashara. Kuitresi mwenyewe hakukufanyi kuwa mwenye mali, hapo ndo wengi wajidanganya. Hata fonti angalia leseni, kuna za bure kwa matumizi ya nyumbani tu, ukiuza ni maneno mengine.

Na kwa nini uhangaike na nembo za watu na waishi Mombasa? Nenda Biashara Street usimame dukani mbele ya kanga nusu saa, usipige picha, angalia tu zilivyopangwa: pindo pande zote, mji katikati, jina chini yake. Lile korosho unaloliona kila mahali laweza kuchorwa kwa nukta tatu. Usiikopi kanga ya mtu yenyewe, chukua mpango wake uchore lako. Chora robo moja tu ya mji, uigeuze kulia, uigeuze chini, umepata mji mzima na umefanya robo ya kazi. Fort Jesus imekaa pale tangu 1593, kuta zake ni pembe pembe, kisu chaipenda. Pembe za ndovu za Moi Avenue ni mikunjo michache mikubwa na M yatokea yenyewe. Wageni watanunua, na watu wetu wa Dubai na Muscat watanunua zaidi.

Ukiuza fulana usisahau kuwaambia wateja vinaili ya pasi, ile inayobandikwa nguoni kwa moto wa pasi, yakatwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Timu moja ya mtaa najua walipiga pasi jezi kumi na moja ndo wakagundua.

SWALI: Sina mashine na sioni nitaipata lini. Nianze kujifunza au ningoje? (Mwanafunzi, Kongowea)

JIBU: Anza leo mwanangu. Laptopu ya kuazima na Inkscape vyatosha. Chora, printi mistari mitupu kwa A4, kisha ukate kwa mkono na wembe juu ya kadibodi. Pale utakapojikuta hujui wembe uende wapi, dizaini ina kosa. Pale karatasi itakapochanika, daraja ni jembamba. Na ukichoka kabla hujamaliza ua moja, nukta ni nyingi! Mie hata leo dizaini mpya nakata ya kwanza kwa mkono, ingawa mashine iko hapo pembeni yaniangalia.

Ukitaka ikatwe kwa mashine kweli, watafute mafundi wa stika za matatu na tuktuk, wana mashine kubwa za kukata vinaili na kazi zao ni mistari hii hii. Muulize kwanza apokea faili gani, SVG, DXF au PDF, maandishi yote uwe ushayageuza mistari maana fonti yako yeye hana, na umwandikie saizi kwa milimita. Halafu mwombe akukatie moja kwanza uishike mkononi, kabla hajakukatia hamsini.