Kufanyia kazi nyumbani na kupunguzwa kazini

Dadangu, unauliza kama kufanyia kazi nyumbani kwako Bamburi, Mombasa, kutakutanguliza kwenye orodha ya kupunguzwa. Kisheria, hapana. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri aangalie muda uliotumikia, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwako, atoe notisi ya mwezi mmoja, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Lakini wapi! Wenzako wa ofisini wanapiga soga na bosi kwenye kahawa, wewe ni jina tu kwenye barua pepe. Kila Ijumaa mwandikie mistari michache: kontena gani umezimalizia karatasi, gani imekwama bandarini na kwa nini. Stima ikipotea, mjulishe papo hapo, asidhani umelala.