Watoto tisa wa Labrador: watoke nyumbani lini, na watoke vipi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Labrador wangu wa rangi ya manjano amezaa watoto tisa na leo wana wiki tatu. Wateja wameshaanza kuja. Mmoja wa Arua anataka wawili, dume na jike, wakifikisha wiki tano, ati mbwa akichukuliwa mapema ndipo anamjua mwenyewe vizuri. Mwingine anataka dume la ulinzi na anasema nisimzoeshe watu, nimfungie ili awe mkali. Mume wangu anaona uji wa posho (unga wa mahindi) na maziwa ya ng'ombe vinawatosha. Nifanye nini kuanzia sasa mpaka watoke, na niwaambie nini wanaowachukua? – Msomaji, Jinja

JIBU: Hongera sana, mama. Kufikisha tisa wiki ya tatu wote wakiwa hai ni kazi kubwa, na mama yao anastahili sifa pia.

Kabla ya wateja, mwangalie yeye. Mbwa anayenyonyesha tisa yuko kwenye kilele cha maziwa wiki hii na ijayo, na anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kile alichokuwa akila kabla ya mimba, kigawanywe mara tatu au nne kwa siku, na maji yasikauke kwenye bakuli. Ukimwona anahema kwa kasi bila sababu, hatulii, anatembea miguu imekakamaa au anatetemeka, watenge watoto na umkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hiyo ni kalsiamu imeshuka kwenye damu, ile ile ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaiita homa ya maziwa. Inaua upesi, lakini ikiwahiwa inatibika.

Sasa mteja wa Arua. Jibu lake ni hapana. Wasitoke kabla ya wiki nane.

Keti nao jioni wiki ijayo watakapoanza kupigana mieleka. Mmoja atamng'ata mwenzake sikio kwa nguvu. Aliyeng'atwa atalia, atageuka na kuondoka, na mchezo utakatika papo hapo. Yule mng'ataji atabaki amesimama, haelewi wenzake wamekwenda wapi. Baada ya siku kadhaa za hivyo anajifunza kupunguza nguvu ya taya. Binadamu hawezi kumfundisha mbwa somo hilo kama ndugu zake wanavyolifundisha, na linafundishwa kati ya wiki ya 4 na ya 8. Ukimtoa wiki ya tano, atalimalizia kwenye mikono ya watoto wa mteja wako. Na kwa Labrador jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa ni mbwa aliyeendelezwa Uingereza kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi na kumletea mwindaji bila kuwararua. Kila kitu atakishika kwa mdomo.

Hofu ya kwamba akichelewa hatamjua mwenyewe haina msingi. Muda ambao ubongo wa mbwa uko wazi kuwazoea watu na mazingira unaanza kama wiki ya 3 na kuendelea hadi wiki ya 12 au 14. Akimchukua wiki ya nane bado ana mwezi mzima na zaidi wa kumfanya wake.

Na kuhusu kuchukua wawili, ningemshauri achukue mmoja. Ndugu wawili kwenye nyumba moja hushikamana wao kwa wao na mafunzo yanakuwa magumu maradufu. Isitoshe ni dume na jike wa tumbo moja: jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi sita tu, na kaka yake yupo hapohapo uani. Kama anang'ang'ania wawili, awe tayari kuwafunga uzazi, na akubaliane nawe hilo kabla ya kulipa.

Yule wa "nimfungie awe mkali" ananisikitisha zaidi, kwa sababu ushauri huo nausikia kila mahali, Kampala hadi Mbale. Mbwa aliyefungiwa tangu utoto hawi shujaa. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Humuuma mtoto wa jirani aliyefuata mpira, humuuma kijana anayeleta maji, na siku moja humuuma mwenyewe aliyeingia na kofia asiyoizoea. Mwizi akija, wengi wao hukimbilia nyuma ya kibanda. Mbwa anayelinda vizuri ni yule anayewajua watu wa nyumbani na anayajua maisha ya kawaida, kiasi kwamba jambo lisilo la kawaida linamshtua na anabweka. Labrador atabweka, na kwa nyumba nyingi kubweka kunatosha. Mteja akitaka mbwa wa kumrukia mtu, mwambie waziwazi kwamba amekuja kwa mbwa asiye wake. Hata ukimkosa mteja, mtoto huyo utampatia nyumba nyingine.

Kwa hiyo kazi yako kuanzia leo ni kinyume cha kuwafungia. Kila siku mtoe mtoto mmoja mmoja, umbebe, umguse masikio, makucha na mdomo, umpe tonge peke yake mbali na wenzake kwa dakika chache, kisha umrudishe. Atajua kwamba kuwa peke yake si balaa. Wasikie pikipiki ikiwashwa, adhana, ngoma za kanisani, sufuria ikianguka jikoni, mvua juu ya mabati. Wakanyage saruji, mchanga, majani na mkeka. Waone mzee mwenye fimbo, askari mwenye buti za mpira, mwendesha boda boda na helmeti yake, wanafunzi wenye sare. Sauti ianze kwa mbali, na anayeogopa aachwe asogee mwenyewe, asivutwe.

Ila wageni wote wavue viatu getini na wanawe mikono. Parvo huja kwenye soli ya kiatu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mtoto akianza kutapika na kuhara damu yenye harufu kali, saa zinahesabika. Sakafu ya saruji isafishwe kinyesi kwanza, kisha ipigwe Jik, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, ikae dakika kumi, isuuzwe. Jik juu ya uchafu haifanyi kazi.

Chakula: hapa mume wako sikubaliani naye, kwa heshima. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini takriban mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na sukari ya maziwa kidogo kuliko ya ng'ombe. Ndiyo maana watoto wakipewa ya ng'ombe kwa wingi wanaharisha na hawanenepi. Posho peke yake inajaza tumbo bila kujenga misuli. Ukiweza, nunua chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, ukiloweke kwa maji ya vuguvugu hadi kiwe uji mzito, ukiweke kwenye sinia. Siku za kwanza watakanyaga, watakaa ndani yake, na mama yao atawaramba wote. Mpaka wiki ya sita wawe wanakula chakula kigumu zaidi, mara nne kwa siku.

Bei ikikushinda, pika mwenyewe: nyama ya kusaga, ini kidogo mara mbili kwa wiki, mayai yaliyochemshwa, mboga, na wali au posho isizidi theluthi. Mukene (dagaa) wa ziwani kwenu ni mzuri, ila mwingi unaanikwa chini, kwa hiyo uusuuze kwenye maji mara kadhaa mchanga uishe, uuchemshe, uusage. Chakula cha nyumbani mwonyeshe daktari wako akipime upungufu. Lakini anayekula cha dukani usimwongezee unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu, maana kalsiamu ikizidi huharibu mifupa ya mbwa wa umbo kubwa wanapokua. Mahindi au unga ulioota ukungu usimpe mbwa yeyote, sumukuvu inaharibu ini na inaua.

Minyoo hawakuipata nje tu. Mingine waliirithi tumboni mwa mama na mingine kwenye maziwa. Kwa kawaida dawa inaanza wiki ya 2, kisha ya 4, 6 na 8, na mama naye anapewa. Kama hujaanza, anza wiki hii. Pima kila mtoto kwenye mizani ya jikoni, usikisie. Na kinyesi kizolewe kila siku, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo yakikaa kwenye udongo hukomaa na kuwaingia hata watoto wa binadamu wanaochezea hapo, na wakati mwingine mnyoo huishia jichoni.

Kwa hali ya hewa yetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikuambii: nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye vitambaa vyenye unyevu vilivyoanikwa. Mabuu huingia kwenye ngozi, na baada ya siku chache unaona uvimbe wenye tundu dogo katikati, hasa tumboni na miguuni. Vitambaa vya malazi vipigwe pasi ya moto pande zote mbili, visianikwe kwenye nyasi, na watoto walale kwenye saruji au ubao. Ukikuta uvimbe, paka mafuta ya mgando mazito kuziba tundu, subiri nusu saa hivi mpaka mdudu atokeze kichwa kutafuta hewa, ndipo ubinye taratibu kutoka pembeni. Usimpasue akiwa ndani.

Kupe je? Dawa ya kuogeshea ng'ombe isiwaguse. Zile zenye amitrazi zinaweza kumlaza mtoto asiamke. Zipo za kupulizia zilizotengenezwa kwa watoto wa mbwa, uliza kwa daktari ukitaja umri wao.

Chanjo ya kwanza, ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine hatari wa virusi), apewe kati ya wiki ya 6 na ya 8 akiwa bado kwako, kisha irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka avuke wiki ya 16. Kurudia si ujanja wa madaktari kutafuta pesa. Kinga aliyopewa na mama huizuia chanjo isishike, na hakuna anayeweza kujua kwa macho imekwisha lini kwa kila mtoto. Ya kichaa cha mbwa inaanza wiki ya 12, na hiyo isikosekane, maana kichaa kikishaonyesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, hakina tiba.

Siku ya kuondoka, mpe kila mteja kadi ya chanjo na minyoo, chakula cha wiki moja cha aina ileile anayokula, na kitambaa chenye harufu ya mama na ndugu zake. Andikeni makubaliano mafupi, na kama ada yetu ilivyo, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anaweza kuwa shahidi. Sharti moja usiliache: akishindwa kumfuga, akurudishie wewe, asimtupe wala kumgawa. Muulize pia kama nyumba nzima imekubali. Katika familia za Kiislamu, kwa mfano, wengi humfuga mbwa wa ulinzi nje na hawataki aingie sebuleni. Hilo ni sawa kabisa, mradi apate banda lisilovuja na mtu wa kukaa naye kila siku, na wewe ulijue mapema ili umzoeshe kulala barazani kabla hajaondoka.

Safari ya Arua ni zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenu. Asiwekwe kwenye buti ya basi, humo joto linaua. Asafirishwe kwenye boksi lenye matundu miguuni mwa mtu, au kwa gari binafsi, asile kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya safari, apewe maji kidogo kidogo njiani. Pale Karuma magari yanaposimama asishushwe chini hata kama analia, maana mbwa wengi wamepita hapo na chanjo yake bado haijakamilika. Ajisaidie kwenye magazeti ndani ya boksi.

Usiku wa kwanza atalia. Boksi liwe karibu na mtu kwa siku kadhaa, kisha lisogezwe pole pole kuelekea mahali pake pa kudumu. Atolewe nje ya mlango, ndani ya ua, kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Akijisaidia nje asifiwe, akijisaidia ndani pafutwe bila kumchapa. Na mteja asidanganywe na macho ya njaa. Karibu robo ya Labrador wana kasoro ya jeni inayowafanya wasishibe upesi, na mbwa mnene huumia nyonga na viwiko mapema. Mbavu zake zisionekane sana, ila ukipapasa uzisikie.

Ukiweza, wasiondoke wote siku moja. Wakipungua mmoja mmoja ndani ya wiki moja au mbili, maziwa ya mama yanapungua nao. Mpunguzie chakula kidogo kidogo, usimkamue. Titi likiwa gumu, la moto na jekundu au la zambarau, mlete upesi. Na joto lake lijalo asipandishwe. Apumzike mpaka mwili urudi, kisha njoo tumpime nyonga kwa eksirei ndipo tuzungumze kama azae tena.