Nilikuwa namsemea mwanangu

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Daktari wa meno alimwinamia akamuuliza jina. Nikajibu mimi. Akamuuliza ana miaka mingapi. Nikajibu mimi. Akamuuliza ni jino gani linauma, na nilikuwa nimeshafungua mdomo aliponigeukia na kuniambia taratibu, "Mama, kwani jino ni lako?"

Nilicheka. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani nikaanza kuhesabu. Jirani akimsalimia, namjibia. Mtoto mwenzake akimwita wacheze, nasema "amechoka kidogo." Shangazi yake akipiga simu, nakaa pembeni nageuza kila anapotikisa kichwa kuwa sentensi nzima. Nilikuwa mkalimani wa mtu ambaye lugha yake ndiyo hiyohiyo yangu.

Nilikuwa na sababu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya gauni la mama. Wageni wakija natafuta chumba cha mwisho. Nikiwa na miaka kama sita, mtu mzima mmoja wa ukoo aliamua kunitibu: alinisimamisha juu ya kiti mbele ya watu waliojaa sebuleni, akaniambia niimbe wimbo niliofundishwa shuleni. Sauti haikutoka. Kilichotoka ni mkojo. Nakumbuka soksi moja ikilowa kabla ya nyingine, na nakumbuka kicheko, ambacho najua sasa kuwa hakikuwa cha ubaya. Baada ya hapo, kila nilipojua kesho nitasimama mbele ya darasa, tumbo liliniuma tangu usiku. Lilikuwa linauma kweli. Watu walidhani nategea.

Kwa hiyo nilipopata mtoto, na mtoto akatoka mimi mtupu, niliapa hatapandishwa kwenye kiti chochote. Nikaondoa kila kitu kilichomtisha njiani mwake. Ilinichukua swali la daktari wa meno kuona kwamba nilikuwa nimekimbia kosa moja nikaangukia la pili.

*Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.* Methali hii nimerushiwa mara nyingi, na kila anayeirusha anamaanisha kosa ni la mama. Nusu yake naikubali. Nusu nyingine ni kwamba mtoto anafika na kitu chake mkononi kabla hujaanza kumlea. Wataalamu wanakiita hulka: jinsi mtu alivyo mwepesi au mzito wa kushtuka, anavyopokea vitu vigeni, na muda anaouhitaji ili atulie. Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapima watoto wa miezi 4. Aliwaning'inizia midoli ya rangi mbele ya macho, akawasikilizisha sauti za watu, akawanusisha harufu ngeni. Karibu mmoja katika kila watano alirusha mikono na miguu, akajikunja, akalia. Karibu wawili katika kila watano walitazama tu kama wazee kwenye kikao. Miezi 4! Mama hajapata hata muda wa kumharibu.

Wale wa kundi la kwanza walipofuatiliwa, wengi wao walikuja kuwa watoto wa kusita mbele ya watu na mahali pageni, ingawa si wote. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza ubongo wa vijana waliokuwa wa kusita walipokuwa na miaka miwili walikuta kwamba amigdala, ile sehemu ndogo ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, bado iliitikia sura ngeni kwa nguvu zaidi kuliko ya wenzao waliokuwa wachangamfu utotoni. Ina maana mtu anaweza kumaliza chuo na kupata kazi, na ndani yake kuna kitu kinachoendelea kuuliza "huyu nani?" kabla hajasema habari.

Takwimu iliyonigusa zaidi inatoka kwenye uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa mwaka 2012. Miongoni mwa watoto wenye hulka hii ya kusita, takriban wanne katika kumi walikuja kupata wasiwasi wa kijamii wa kiwango cha ugonjwa: hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa inayomzuia mtu kuishi. Ni wengi sana ukilinganisha na watoto wengine. Mara ya kwanza kusoma hilo sikulala vizuri. Mara ya pili nikageuza hesabu: zaidi ya nusu hawakufika huko. Walizaliwa na kengele ileile. Nikataka kujua kilichowatofautisha.

Jibu moja lina mchekeshaji ndani yake. Megan Gunnar, mtafiti wa ukuaji wa watoto, na wenzake waliwaleta watoto wa mwaka mmoja na nusu kwenye chumba chenye vitu vigeni, akiwemo mtu aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi na roboti, mama akiwa papo hapo. Kisha wakapima kotisoli kwenye mate, homoni ambayo mwili huimwaga ukiwa kwenye msongo. Watoto wa kusita ambao hawakuwa na hakika na mama zao, kotisoli ilipanda. Watoto wa kusita waliomwamini mama kama kimbilio, haikupanda. Soma tena hapo. Hao wa pili nao walisita na kuogopa, lakini mwili haukuingia vitani.

Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunachanganya mambo mawili. Hofu ya dakika kumi, mtu mzima anayeaminika akiwa jirani, haimharibu mtoto. Ndiyo shule yenyewe. Kinachochimba ni msongo unaorudi kila siku bila mtu wa kuegemea: nyumba yenye kelele za magomvi, mlezi anayeondoka bila maelezo, kipigo, dhihaka. Kwangu ulikuwepo mwaka mmoja ambao wazazi wangu hawakuelewana. Hawakupigana, walinuna tu. Nilijifunza kujua usiku utakuwaje kwa namna ufunguo unavyozungushwa mlangoni: ukizungushwa mara moja kwa haraka, naingia kitandani na kujifanya nimelala. Mtoto mwenye hulka nzito angeweza kulala fofofo mwaka ule wote. Mdogo wangu alilala. Mimi mpaka leo nikisikia ufunguo mlangoni, mabega yanapanda kwanza, akili inafuata.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna moto, usianze na mbinu za kumfanya mtoto asalimie watu. Anza na moto. Na kama huwezi kuuzima leo, basi angalau mwambie mtoto kwa maneno anayoyaelewa kwamba mnagombana, kwamba si kosa lake, na umtajie nani atakuwepo asubuhi. Watoto wa aina hii wanaona kila kitu. Wasipoambiwa, wanajitungia, na wanayojitungia huwa mabaya kuliko ukweli.

Turudi kwenye kusemea. Nilipokuwa namjibia, nilidhani nampunguzia msongo. Ni kweli, kwa dakika ile ulipungua, na wangu ukapungua zaidi. Tatizo ni kile anachojifunza: watu ni hatari, ushahidi ni kwamba mama amekimbilia kuniokoa, na mimi siwezi, ushahidi ni kwamba sijawahi. Kila ukimtoa, hofu inapata alama na yeye anakosa. Yule aliyenisimamisha kwenye kiti naye alinifundisha somo hilohilo kwa njia nyingine. Ukimsukuma mtoto hadi azame au ukimzuia asiguse maji, mwisho wake ni mmoja: hajui kuogelea.

Nilichoanza nacho ni kunyamaza. Ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri. Mtu akimuuliza jambo, nilikuwa nahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufanya chochote. Mara nyingi alijibu kwenye saba au nane, kwa sauti ya kunong'ona. Kumbe alikuwa anajibu siku zote, ila mimi nilikuwa nawahi kwenye mbili. Asipojibu hadi kumi, sikumjibia, nilimpa swali jepesi, "Utamwonyesha kwa kidole?" Kidole nacho ni jibu.

Uso wangu ulihitaji mafunzo pia. Kuna jaribio maarufu la mwaka 1985 ambapo watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo inayoonekana kama ina shimo katikati, mama akiwa upande wa pili. Mama walioonyesha uso wa furaha walikuwa 19, na watoto 14 walivuka. Walioonyesha uso wa hofu walikuwa 17, na hakuna mtoto hata mmoja aliyevuka. Mimi nikifika na binti yangu kwenye sherehe ya watoto, nilikuwa naingia na uso wa mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Halafu nashangaa kwa nini ananing'ang'ania mguu.

Sherehe zenyewe tulizigeuza kwa jambo dogo: tunafika mapema. Mtoto wa kusita akiingia wenzake wakiwa thelathini na muziki umeshapanda, anakuta mlima. Akiingia wakiwa wawili, wengine ndio wanaomjia yeye, mmoja mmoja, na ukumbi unakuwa wake. Mara ya kwanza alisimama kando yangu dakika arobaini. Nilikuwa nimeamua tangu nyumbani kwamba sitamsukuma wala sitaondoka naye. Nikakaa, nikapiga soga na mzazi mwenzangu. Dakika ya arobaini na moja mpira ulimgonga mguuni, akaupiga teke, ukamrudia. Hatukuizungumzia njiani. Kumsifia sana mtoto wa namna hii, nimegundua, ni kumweka tena kwenye kiti.

Kitu kingine nilichokiacha ni kumtangaza. "Huyu ana aibu," nilikuwa nawaambia watu mbele yake, kama naomba radhi. Mtoto analisikia, analivaa, na kesho analitumia kama sababu. Siku hizi nikilazimika, nasema "anapenda kutazama kwanza." Ni kweli zaidi, na haimfungii mlango.

Ushahidi ulionipa moyo kuliko mwingine unatoka Australia. Mwanasaikolojia Ron Rapee na wenzake waliwachukua wazazi wa watoto wa shule ya awali wenye hulka ya kusita, wakawafundisha kwa vikao 6 tu: kupunguza kuwakinga kupita kiasi, kuwapa watoto hofu kwa vipande vidogo vinavyomezeka. Baada ya mwaka mmoja, watoto hao walikuwa na matatizo ya wasiwasi machache kuliko wale ambao wazazi wao hawakufundishwa. Lakini hulka yenyewe ya kusita haikuonyesha tofauti ya maana. Watoto walibaki walewale wa kutazama kwanza. Niliposoma hapo niliacha kumsubiri binti yangu awe mchangamfu. Hilo halikuwa tatizo tangu mwanzo.

Siku moja nilimuuliza mama yangu nilikuwaje nikiwa mchanga. Akasema nilikuwa nalia blenda ikiwashwa, nalia nikibadilishiwa shuka. Halafu akaongeza, akiendelea na kazi yake, "Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilidhani ukisukumwa mapema hutateseka kama mimi." Miaka yote ile nilimwona kama mtu asiyejua hofu ni nini.

Kuna watoto ambao kufika mapema na kuhesabu kumi hakuwatoshi. Mtoto anayeongea vizuri nyumbani lakini hajatamka neno shuleni kwa zaidi ya mwezi, anayekataa shule wiki baada ya wiki, anayeumwa tumbo kila asubuhi na daktari ameshalikagua tumbo akakuta ni zima, asiyelala: huyo mpeleke kwa mwanasaikolojia au mshauri anayejua watoto. Tiba ya mazungumzo na vitendo, ile ya kuikaribia hofu kwa ngazi, ina ushahidi mzuri kwa watoto na kwa wakubwa. Usisubiri akue ataacha. Wengine wanaacha, wengine wanajifunza tu kuificha vizuri.

Mimi nilikuwa wa hao wa pili. Nilienda kwa mshauri nikiwa na miaka thelathini na nne, nikidhani naenda kwa ajili ya mtoto. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa ni kuuliza swali moja kwenye kikao cha kazini, swali lolote, hata nisilohitaji jibu lake. Niliahirisha vikao vitatu. Cha nne nikanyoosha mkono, tumbo likiuma lilelile la darasani, sauti ikitetemeka kiasi cha kila mtu kusikia. Niliuliza tarehe iliyokuwa imeandikwa ubaoni nyuma ya mwenyekiti. Akageuka, akaisoma, akanitajia, kikao kikaendelea.