Leza moja itoe rangi mia?

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko Likoni. Nasikia ati leza moja yaweza kubeba intaneti kwa rangi kibao, vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Leza yaingizwa kwenye kijipete kidogo sana cha silikoni naitraidi (kauri ipitishayo mwanga), mwanga wazunguka humo mpaka wawa mpigo mfupi, na nguvu yake yenyewe inazuia mpigo huo usitanuke, ndo solitoni hiyo, yazunguka bila kubadilika umbo. Kuipata ndo kazi, wasogeza rangi ya leza pole pole kuelekea wimbi refu, ukipitiliza kidogo tu imepotea waanza upya! Mipigo inayotoka ukiichambua wakuta rangi zimepangana kama meno ya kitana, na kila jino labeba data yake. Mwaka 2017 watafiti walitumia vitana viwili vya namna hii wakapata chaneli 179, zaidi ya terabiti 50 kwa sekunde (terabiti moja ni biti trilioni), yani raha sana.