Dishi langu, mwembe wa jirani na nati tatu

Kwa miezi miwili niliamini adui yangu ni mwembe wa mama jirani. Mvua ya vuli ikitokea tu upande wa ziwa, picha inaleta chenga, inaganda, halafu giza. Fundi wa kwanza alisema LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, imekufa, nikanunua nyingine. Wa pili akasema LNB imekufa, ile ile mpya. Nikaenda kumwomba mama jirani apunguze matawi. Akanitazama kidogo, kisha: "Mwanangu, huu mti umelikuta hilo sahani lako, au sahani ndilo limeukuta mti?" Nikarudi zangu kuazima spana.

Mwembe ulikuwa hauna kosa. Azam TV, ambayo ndiyo naitazama, inarushwa kupitia setilaiti ya Eutelsat iliyo nyuzi 7 mashariki, juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, huko juu ya Ghuba ya Guinea. Sisi Mwanza tuko karibu nyuzi 33 mashariki, kwa hiyo tunaitafuta magharibi, ikivutwa kaskazini kidogo mno (dira isome kama 275), kisha juu angani nyuzi 60; pembe hiyo ya kutazama juu ndiyo naiita kimo. Bukoba na Musoma kimo kinatofautiana na chetu kwa nyuzi moja hivi. Wenye DStv msinifuate hapa: yenu iko nyuzi 36 mashariki, karibu utosini kabisa.

Nyuzi 60 ni juu sana. Mti ulio mita 10 mbele ya dishi hauwezi kuziba mpaka ulizidi dishi kwa mita 17. Kinachotudanganya ni umbo: madishi haya ya nyumbani yenye mkono wa LNB upande wa chini hutazama juu kuliko yanavyoonekana. Langu ukiliona utasema linachungulia ghuba na mitumbwi, kumbe linatazama juu ya mwembe kwa mbali.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Kwenye bomba lililobeba dishi. Fundi alilikaza kwenye kenchi, na paa letu hapa Igogo, katikati ya mawe, upepo wa ziwa ukilipiga linapumua. Nilipofunga jiwe kwenye uzi nikapata timazi, bomba lilikuwa limeinama hata kwa macho. Bomba likiinama, ukizungusha dishi kushoto au kulia, kimo nacho kinabadilika bila wewe kujua, na hapo unaweza kukesha. Nililihamishia kwenye ukuta wa tofali, bolti nne, pima maji pande mbili. Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote ninayoandika hapa, fanya hilo.

Baada ya hapo kazi ni ya uvumilivu. Zima kisimbuzi kabla ya kufungua au kufunga kebo, kwa sababu kinapeleka volti 13 au 18 juu kwa LNB na waya zikigusana unaweza kukiunguza. Dira ya simu isome ukiwa mbali na bati na bomba. Ukiegemea paa itakuonyesha Sengerema leo, Ukerewe kesho. Weka kimo kwanza, kaza nusu, halafu zungusha dishi polepole. Polepole maana yake upana wa kucha, kisha subiri sekunde tano, kwa sababu kisimbuzi huchelewa kujibu. Dishi la sentimita 90 linaona kipande cha anga cha nyuzi 2 hivi, sawa na upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Ukizungusha kama usukani utaipita setilaiti mara kumi.

Binti yangu alikaa sebuleni na simu, ananisomea namba za mawimbi kwenye TV. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia asome mstari wa nguvu. Nguvu inapanda hata dishi likitazama setilaiti nyingine kabisa. Unachokitafuta ni ubora. Siku ile nguvu ilikaa 80 muda wote, ubora sifuri, mimi juu ya ngazi nashangilia.

Ubora ulipofika 55 nikataka kushuka. Bahati nikakumbuka kuigusa LNB yenyewe. Huku karibu na Ikweta, kwa setilaiti iliyo mbali magharibi, LNB hulazwa karibu robo duara. Maelekezo ya kwenye boksi hayakuandikwa kwa ajili yetu. Legeza kishikio, igeuze kidogo kidogo huku msomaji akikutajia namba. Yangu ilitoka 55 ikafika 78.

Halafu nati. Unapokaza, dishi linasogea. Kaza zote tatu kwa zamu, kila moja kidogo, na binti aendelee kusoma. Mimi nilikaza moja mpaka mwisho, ubora ukashuka 20, nikaanza upya na jua limeshazama.

Kebo iachie kitanzi chini ya LNB ili maji yadondokee hapo yasiingie kwenye konekta, na konekta yenyewe izungushie tepu. Mvua kubwa ya radi bado itakata picha dakika chache hata dishi likiwa limenyooka vipi. Hiyo ivumilie, na usipande juu.

Kuna jambo moja lilinifurahisha baadaye. Karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, saa tisa kasoro alasiri, jua linasimama pale pale ilipo setilaiti. Siku hizo angalia dishi lako: kama kuna kivuli cha tawi juu yake, tawi hilo ndilo linaloziba. La kwangu lilikuwa linawaka lote. Ila dakika hizo hizo picha huweza kukatika kwa sababu jua linaimeza setilaiti, na linapita lenyewe. Mwaka wa kwanza sikujua, nikawa tayari nimepanda ngazi na spana mkononi, mama jirani ananitazama kutoka chini ya mwembe wake.