Hedseti ya Kompyuta ya Linux: Sikiliza Maikrofoni Kwanza

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, baadhi ya jamaa na wenzangu wa kazi hapa Lubumbashi wamehamia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kwa sababu kompyuta tunazonunua mjini nyingi zimekwisha kutumiwa kwingine na hazikidhi masharti ya Windows 11. Mfumo ukishakaa vizuri, swali linalofuata ni la hedseti. Mimi hupata riziki kwa kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa na kwa kuhudhuria mikutano ya mtandaoni, kwa hiyo swali hilo nalichukulia kwa uzito wote. Mtu wa upande wa pili asiponisikia vizuri hatalaumu waya wangu. Ataona tu kwamba mimi sieleweki.

Jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni kwamba asichague hedseti kwa kusikiliza wimbo. Dukani utawekewa wimbo wenye besi nzito, na karibu kila hedseti ya bei ya wastani itakupendeza kwa dakika mbili. Tofauti kubwa imo kwenye maikrofoni, na huko ndiko watengenezaji wengi hubana gharama. Tafuta yenye mkono unaoileta maikrofoni karibu na pembe ya mdomo, na iwe ya aina inayopokea sauti kutoka upande mmoja. Mvua ikipiga mabati, au jenereta ya jirani ikiwashwa mara tu umeme unapokatika, maikrofoni iliyo karibu na mdomo huendelea kuibeba sauti yako mbele ya kelele, ilhali ile iliyofichwa kwenye kikombe cha sikio hupokea kila kitu kwa pamoja. Jihadhari pia na maandishi ya kwenye boksi yanayosifu uondoaji wa kelele. Mara nyingi yanahusu masikio yako wewe, yaani kelele za nje zinapunguzwa ili usikie vizuri, na hayamsaidii hata kidogo anayekusikiliza.

Kuhusu namna ya kuunganisha, kwa kazi ya kila siku napendekeza waya wa USB bila kusita. Hedseti nyingi za USB hufuata kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti, na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina kiendeshi chake tayari (programu inayokiwezesha kifaa), kinachoitwa snd-usb-audio. Unachomeka, kifaa kinatambuliwa, na hakuna cha kupakua wala diski ya kusakinisha. Boksi likiandikwa kwamba hedseti ni ya Windows na Mac pekee, usiiache kwa sababu hiyo tu, kwani sauti na maikrofoni kwa kawaida vitafanya kazi. Ya kuogopa ni ile ambayo sifa zake kuu, kama sauti ya kuzunguka ya 7.1, taa, au marekebisho ya besi, zinategemea programu ya mtengenezaji ambayo haina toleo la Linux. Ipo programu huria iitwayo HeadsetControl inayosaidia baadhi ya modeli, lakini angalia orodha yake kabla ya kununua. Faida nyingine ya USB ni kwamba hedseti ina chipu yake ya sauti. Katika nyumba zetu nyingi soketi hazina waya wa ardhini, na kompyuta mpakato ikiwa kwenye chaji, tundu la sauti la kawaida huleta mvumo ambao kwa USB hupungua sana au hausikiki kabisa.

Usinunue bila kujaribu, na jaribu kwa kompyuta yako mwenyewe. Mimi huenda nayo dukani ikiwa na chaji ya kutosha. Kwanza naandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) kabla ya kuchomeka, kisha naandika tena baada ya kuchomeka. Mstari mpya unaotokea ndio hedseti yenyewe. Ikiwa boksi lina jina la kampuni kubwa lakini mstari ule unaonyesha jina la chipu ya bei rahisi tu, hiyo ni dalili ya kuuliza maswali zaidi, ingawa peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba bidhaa ni ya kuigiza. Kisha naichagua hedseti kwenye mipangilio ya sauti, kwa kusikiliza na kwa kurekodi, na kuandika amri hii ya kurekodi sekunde 15:

arecord -f cd -d 15 jaribio.wav

Sekunde chache za mwanzo nanyamaza kimya, halafu nasoma sentensi yenye s na f nyingi, kwa mfano: «Sisi tulifika sokoni asubuhi, fisi sita wakapita.» Ninaposikiliza kwa aplay jaribio.wav, ule ukimya wa mwanzo ndio unaonipa jibu. Ukisikia mchakarisho kama wa redio iliyokosa stesheni, maikrofoni hiyo itakusumbua kila siku. Mwisho nafungua sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, nashika waya karibu na plagi na kuutikisa taratibu huku nikitazama skrini. Yakitokea maneno «USB disconnect», waya umeshalegea ndani, hata kama muuzaji anasema: «Papa, hii ni mpya kabisa, imefika juzi.» Muuzaji mwaminifu hakatai majaribio haya, na akikataa, ninaondoka.

Hedseti za plagi ya kawaida ya milimita 3.5 zina nafasi yake, hasa kwa mwenye fedha kidogo. Hesabu mistari kwenye plagi: mitatu maana yake sauti na maikrofoni zimo pamoja, na itafaa kompyuta mpakato yenye tundu moja. Kompyuta ya mezani yenye matundu mawili itahitaji kigawanyi. Kwenye Linux, tatizo la kawaida ni mfumo kuendelea kutumia maikrofoni ya ndani hata baada ya kuchomeka, nalo mara nyingi hutatuliwa kwa kuichagua ya hedseti ndani ya programu ya pavucontrol.

Bluetooth inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayoleta masikitiko mengi. Hedseti za Bluetooth za kawaida hufanya kazi kwa hali mbili. Katika hali ya A2DP unasikia muziki mzuri wa stereo, lakini maikrofoni haifanyi kazi. Mkutano ukianza, mfumo huhamia hali ya simu, HFP au HSP, na sauti yote hushuka ghafla. Hilo linatokana na muundo wa Bluetooth yenyewe na hutokea kwenye mifumo mingine pia. Kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya zamani ya CVSD, sauti huchukuliwa mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya hertzi 4,000 hupotea, na huko ndiko s na f zinakotofautiana. Kodeki ya mSBC huchukua mara 16,000, na tofauti inasikika wazi. PulseAudio, programu inayosimamia sauti kwenye Linux, ilianza kuikubali katika toleo la 15 la mwaka 2021, na PipeWire, iliyokuja baada yake, inaikubali pia. Matoleo ya Linux kama Fedora tangu 34, Ubuntu tangu 22.10 na Linux Mint tangu 22 huja na PipeWire, kwa hiyo mwenye mfumo wa zamani asasishe kwanza kabla ya kuilaumu hedseti. Anayechukia waya lakini ana mikutano mingi, ninamshauri achukue hedseti yenye kipokezi chake kidogo cha USB cha GHz 2.4. Kompyuta hukiona kama kifaa cha sauti cha USB, na maikrofoni hufanya kazi bila kuharibu unachosikia. Akumbuke tu kwamba ina betri, na umeme wetu haufuati ratiba ya mikutano.

Kuhusu starehe, joto la Oktoba hapa litakuonyesha tofauti kati ya mito ya ngozi bandia, ambayo hubabuka kwa jasho, na ile ya kitambaa. Uliza kama mito mingine inauzwa kando.

Ukifika nyumbani, fungua pavucontrol, ongea kwa sauti yako ya kawaida na utazame mstari wa maikrofoni unavyocheza. Mstari huo ukigonga mwisho kila unapocheka, punguza kiwango. Sauti ikiwa ndogo mno hata kwenye asilimia 100, fungua alsamixer, programu ya terminali ya kurekebisha viwango vya sauti, bonyeza F6 uchague hedseti, kisha F4 uone viwango vya kurekodi, na uongeze pale kidogo kidogo huku ukirekodi upya baada ya kila hatua.