Mdogo wangu, kabla ya kuikimbilia MRI jua kwanza unauliza nini

Wiki iliyopita nimetetea tasnifu yangu, nimepita, na meseji za pongezi zimekuja nyingi mpaka nyingine sijazifungua. Ila kuna moja imenikalisha chini. Binti yuko mwaka wa tatu anasoma saikolojia, ameandika: "Dada shikamoo, hongera sana. Na mimi nataka kusoma ubongo kwa MRI, hasa kumbukumbu na lugha, nianzie wapi?" Marahaba mdogo wangu. MRI, kwa asiyeijua, ni ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili, skana tunavyoiita sisi. Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona haitoshi, maana hilo swali nililiuliza mimi miaka sita iliyopita na sikupata wa kunijibu.

Mimi niliondoka nyumbani kichwani nina madereva taksi wa London. Ule utafiti wa mwaka 2000 wa Eleanor Maguire na wenzake, waliokuta kwamba madereva waliokariri mitaa ya jiji zima wana hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kubwa upande wa nyuma kuliko watu wengine, nilikuwa nimeusoma mpaka karatasi imechakaa. Nikasema lazima na mimi niingize watu kwenye skana, niwaone wanavyokumbuka maneno. Maneno ya Kiingereza lakini, sababu msimamizi alisema nikitumia Kiswahili sitapata washiriki wa kutosha. Nikakubali. Nilikubali haraka mno na mpaka leo inaniuma.

Sasa tuelewane, fMRI, yaani MRI ya kuangalia ubongo ukiwa kazini, haipigi picha ya wazo, inafuata damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni inaongezeka pale, na kwa vile hemoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo zina tabia tofauti mbele ya sumaku, mashine inaona utofauti huo, jambo ambalo Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990. Tatizo damu ina mwendo wake. Inafika kileleni sekunde 5 au 6 baadaye, wakati neno unalisikia na kulielewa ndani ya sekunde moja. Hili nililisoma, nikalijibia mtihani, halafu nikapanga utafiti kama vile silijui.

Nikawapima watu 22, na nikawataka wataje maneno kwa sauti wakiwa mle ndani. Ukitaja kwa sauti taya linacheza, kichwa kinafuata, na kile kijisanduku kimoja cha picha, vokseli, kina upana wa milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo mtu akisogea kidogo umepima jirani. Data za watu tisa zikatupwa. Kwa waliobaki nikapata doa jekundu zuri kabisa kwenye hipokampasi, ile rangi inayowekwa kwenye picha kuonyesha sehemu inayofanya kazi, nikampigia mama usiku ule ule nikilia kwa furaha.

Kwenye kikao cha maabara mwenzangu mmoja akaniuliza mbele ya wote kama nimesahihisha takwimu. Sikuwa nimesahihisha. Yaani ubongo kwenye picha ni vokseli makumi elfu, ukiipima kila moja kivyake lazima nyingine ziwake kwa bahati tu. Craig Bennett na wenzake walishalionyesha hilo mwaka 2009, waliweka samaki aina ya samoni, amekufa, ndani ya skana wakamwonyesha picha za watu, na bila kusahihisha hesabu ubongo wa yule samaki ukaonekana unafanya kazi. Nikarudi kusahihisha, doa langu likaisha lote. Yule mwenzangu alicheka siku ile na hajawahi kuniomba radhi.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, nilikuwa nalala tu.

Kilichonitoa pale ni kiboko. Nilikuwa naongea na mdogo wangu wa kuzaliwa, yuko nyumbani, kwenye simu, akasema kuna kiboko ametokea karibu na mashamba, nikagundua nimejua ni mnyama kwa ile "a" tu. Angesema kiboko kimekatika ningejua ni fimbo. Herufi moja mwanzoni mwa kitenzi, kitenzi chenyewe hakijasikika, na akili imeshachagua. Vile vile mtu akisema "kiti li..." umeshajua amekosea kabla hajamaliza. Nikasema hapa ndo penyewe! Hiyo haingojei damu ya sekunde 5, hiyo inataka EEG, elektrodi kichwani zinazosoma umeme kwa milisekunde. Marta Kutas na Steven Hillyard mwaka 1980 waliandika kuhusu wimbi la N400, linalokuja ukisikia neno lisiloendana na maana, kama mtu kunywea chai kwenye kiatu, na kuna wimbi jingine, P600, ambalo limeonekana kwenye makosa ya sarufi katika lugha mbalimbali. Sisi tuna ngeli mdomoni kutwa, kwa nini nilikuwa nahangaika na Kiingereza cha watu?

Washiriki wakapatikana, tena wengi, ila dada zetu wakaja wamesuka rasta na fundi wa maabara akasema warudi nyumbani, elektrodi hazitagusa ngozi. Wawili nikawaona wanavaa makoti kimya kimya. Iliniuma sana, sababu mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walishaandika kuhusu kusuka mistari inayopita sawa na nafasi za elektrodi. Basi nikawa nawasuka mwenyewe, Jumamosi, jikoni kwangu, natumia tepu ya fundi cherehani kupimia kichwa. Wa kwanza alikuwa mama wa Mombasa. Nikajaza jeli kwenye njia za nywele kwa bomba lisilo na sindano, nikamwambia mama fumba macho, na kwenye kompyuta mistari ya elektrodi za kisogoni ikatuna, mawimbi kama 10 kwa sekunde, yale yale ya alfa aliyoyaandika daktari Mjerumani Hans Berger mwaka 1929. Akafumbua, yakalala. Akaniuliza, "Ndio mimi huyo?" Ndio wewe mama.

Kwa hiyo mdogo wangu, swali kwanza. Soma takwimu mpaka uchoke. Usiruhusu mtu akuambie lugha yako ni shida ya kupata washiriki. Ukishajua swali ndo uulize linataka mashine gani, na pengine halitaki mashine kabisa, linataka kupima tu mtu anachukua muda gani kujibu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti ambao timu 70 zilipewa data zile zile za fMRI, hakuna mbili zilizochambua sawa, na majibu yakatofautiana, kwa hiyo andika mpango wa uchambuzi kabla hujagusa data, uandike na tarehe. Na tuache kuabudu picha za rangi jamani, nimeona vijana wenye akili wanapoteza miaka kwa doa jekundu.

Wiki hii andika sentensi 40 za kiboko na wenzake, nusu sahihi nusu zimekosewa, kisha nitumie. Nitazisoma zote.